Mbawakawa wa Chini ya Maranda

Ukifunua maranda ndani ya banda la kuku hapa Sigowet, kaunti ya Kericho, hasa pale chini ya chombo cha maji ambapo matandazo yameshika unyevu na joto, utakuta mbawakawa wadogo weusi wakikimbia mwanga. Mkubwa wao ana urefu wa milimita sita hivi. Mgongo wake unang'aa, na mabawa yake magumu ya juu yana mistari ya vitobo vidogo mno vilivyopangana kutoka mabegani hadi nyuma. Kati yao wamo mabuu wembamba wa rangi ya kahawia, pingili kwa pingili, wenye miguu sita mifupi karibu na kichwa, nao hujizika upya kabla hujamaliza kuwatazama. Mwenye banda huwafagia pamoja na samadi, kuku huwadonoa, na habari yao huishia hapo. Nimeishi na kuku, na kwa hiyo na wadudu hawa, kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na ujirani huo umenifikisha kwenye msimamo ninaotaka kuutetea. Nasema kwamba kabla hatujaamua kumwangamiza mdudu huyu, na kabla hatujaanza kumsifu kuwa mkombozi wetu dhidi ya plastiki, tunawajibika kumjua. Kumjua ni kazi ya kawaida, tena ya polepole: ni spishi gani hasa, anaishi wapi na wapi, anakula nini, anazaa katika joto la kiasi gani, anabeba magonjwa gani. Kazi hiyo tumeiweka mkiani wakati ilitakiwa kutangulia.

Mbawakawa wa namna hii aliingia kwenye habari za dunia mwaka 2024. Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo na chenye makao yake Kasarani jijini Nairobi, walichapisha katika jarida la Scientific Reports matokeo ya kuwalisha mabuu wa Kenya polistirini, yaani ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni mpya na inayotumika kubebea chakula cha moto. Waliochapisha kazi hiyo ni Evalyne Ndotono, Dkt. Fathiya Khamis na wenzao. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi, mabuu wengine walipewa polistirini tupu, wengine pumba tupu, na wengine polistirini iliyoambatana na pumba. Kundi hili la mwisho ndilo lililofanya vizuri: lilikula plastiki nyingi kuliko lile la plastiki tupu, likaishi vizuri zaidi, na likapunguza polistirini iliyowekwa mbele yake kwa takriban asilimia 11.7. Tumboni mwa mabuu waliokula plastiki, mchanganyiko wa bakteria ulibadilika, na jamii kama Kluyvera na Lactococcus zikaongezeka. Icipe ilieleza kuwa ni mara ya kwanza kwa mdudu wa asili ya Afrika kuonyeshwa kuwa na uwezo huo. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kujulikana kwingineko. Mwaka 2015 watafiti wa China na wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wameeleza habari za buu wa Tenebrio molitor, na mwaka 2022 wale wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakaeleza za Zophobas morio. Wote watatu ni wa familia moja ya Tenebrionidae, yenye spishi zipatazo 20,000 duniani.

Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na shangwe yenyewe naielewa. Lakini tuitazame kutoka hapa tulipo. Taka za plastiki zilizozagaa kwenye mashamba ya chai ya Sigowet si polistirini kwa wingi wake. Magunia ya mbolea ya NPK tunayoletewa na KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, yamefumwa kwa polipropilini. Vile vifuko vyeusi vya kitalu, ambamo kila mche wa chai huanzia maisha yake na ambavyo hubaki vimetupwa kando ya shimo siku ya kupanda, ni polithini. Chupa za maji na soda ni plastiki nyingine tena. Kila moja ina muundo wake wa kikemia, na buu anayeweza kuvunja polistirini hajathibitisha lolote kuhusu gunia la mbolea. Halafu kuna swali la kinachotoka upande wa pili. Asilimia 11.7 kwa mwezi ni hatua ya kweli kwa sayansi, lakini inaacha sehemu kubwa ya plastiki pale pale, na sehemu ya iliyoliwa inaweza kutoka kwenye kinyesi cha buu ikiwa vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Watafiti wenyewe hawakuwahi kupendekeza tumwage wadudu majalalani. Walisema njia ya busara ni kuwatafuta bakteria wa tumboni na vimeng'enya vyao, kisha kuvitumia hivyo viwandani na kwenye maeneo ya kutupia taka. Aliyesoma kichwa cha habari peke yake alipata hadithi ya mdudu mla plastiki. Aliyesoma kazi yenyewe alikuta swali lililofunguliwa, na swali hilo linaanzia mahali ambapo wengi hawakupatilia maanani.

Mahali penyewe ni utambulisho. Mabuu waliochunguzwa ni wa jenasi ya Alphitobius, na icipe ilisema waziwazi kwamba huenda ni spishi ndogo ambayo bado inahitaji kuchunguzwa ili itambulike. Yaani mdudu aliyezunguka dunia nzima kwenye magazeti bado hajapata cheti kamili cha kuzaliwa. Anayejulikana zaidi katika jenasi hiyo ni Alphitobius diaperinus, ambaye anadhaniwa kuwa na asili ya Afrika na ambaye sasa yuko karibu kila nchi inayofuga kuku kwa wingi. Lakini anaye ndugu, Alphitobius laevigatus, anayefanana naye kiasi kwamba mfugaji hawezi kuwatenganisha. Mtaalamu huwatenganisha kwa kutazama jicho chini ya hadubini. Jicho la mbawakawa limejengwa kwa vijicho vingi vidogo, na ukingo wa uso hulikata kutoka upande wa mbele karibu liwe vipande viwili. Kwa diaperinus, pale palipobanwa zaidi pamebaki upana wa vijicho vitatu au vinne. Kwa laevigatus, kimoja au viwili tu. Tofauti iko hapo, kwenye vijicho viwili ambavyo havifikii ukubwa wa ncha ya sindano. Ukiuliza kama wadudu wa banda lako la Sigowet ni wale wale wa maabara ya Kasarani, jibu la uaminifu linapitia kwenye jicho hilo au kwenye vinasaba, na si kwenye rangi nyeusi inayoonwa na kila mtu.

Najua pingamizi linalokuja hapa, kwamba majina ni kazi ya makumbusho na maisha yanaendelea bila majina. Familia ya mbawakawa huyu yenyewe inatupa jibu. Katika jangwa la Namib wapo mbawakawa wa Tenebrionidae wanaokunywa ukungu. Mwaka 1976 William Hamilton na Mary Seely walieleza jinsi Onymacris unguicularis anavyosimama juu ya kilele cha mchanga alfajiri, kichwa chini, mgongo juu kuelekea upepo wa baharini, mpaka ukungu unapogeuka matone na kutiririka kinywani mwake. Mwaka 2001 makala nyingine ilieleza vinundu vya mgongoni mwa mbawakawa aliyetajwa kuwa wa jenasi ya Stenocara, na wahandisi wa nchi mbalimbali wakaanza kuiga ngozi hiyo ili kutengeneza vifaa vya kuvuna maji hewani. Baadaye, mwaka 2010, watafiti waliwaweka mbawakawa hao wa Namib mmoja mmoja ndani ya ukungu na kuwatazama wanafanya nini. Stenocara gracilipes hakusimama kichwa chini. Tabia ya kuvuna ukungu waliiona kwa Onymacris unguicularis, ambaye mgongo wake ni laini, hauna vinundu vile. Muongo mzima wa uhandisi ulikuwa umemhusisha mdudu mmoja na maisha ya mdudu mwingine. Vifaa vilivyotengenezwa huenda vinafanya kazi, na sibishani na wahandisi. Ninachosema ni kwamba hadithi ya mdudu ilienezwa kabla tabia ya mdudu haijatazamwa.

Mfano wa pili hautoki kwenye familia hii, lakini uligusa sahani za mamilioni ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kidung'ata wa muhogo alitokea Kinshasa na Brazzaville, akaanza kukausha mashamba na kusambaa Afrika. Alikuwa hajulikani kwa sayansi, na alipewa jina lake, Phenacoccus manihoti, mwaka 1977. Kwa kuwa muhogo ni wa Amerika ya Kusini, watu walikwenda huko kumtafuta adui yake wa asili. Upande wa kaskazini wa bara hilo walikuta kidung'ata kwenye muhogo, wakadhani ndiye. Hakuwa yeye. Alikuwa spishi nyingine inayofanana naye, na maadui zake hawakufaa kitu kwa muhogo wa Afrika. Ilikuwa mpaka mwaka 1981 ndipo kidung'ata mwenyewe alipopatikana Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, aliyeletwa Afrika na kuzalishwa chini ya uongozi wa Hans Herren katika taasisi ya IITA, Nigeria. Nyigu huyo aliokoa muhogo kuanzia Afrika Magharibi hadi upande wetu wa mashariki. Herren alipata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, wakati huo akiwa mkurugenzi mkuu wa icipe hapa hapa Kenya. Miaka iliyopotea kwa kufananisha wadudu wawili ilikuwa miaka ya njaa, na hakuna anayeweza kusema kuwa lile lilikuwa suala la makumbusho tu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wafugaji, nami nalichukua kwa uzito wake wote kwa sababu ni la haki. Watasema: huyu ni adui. Anabeba bakteria wa Salmonella na E. koli, anaweza kubeba virusi vya Gumboro na vya Marek, na anahifadhi minyoo tegu wa kuku. Vifaranga hujaza matumbo kwa mabuu badala ya chakula walichonunuliwa, na mbawakawa mzima ana kemikali za kujilinda zinazowasha. Mabuu wanapokaribia kuwa pupa huacha matandazo, hupanda ukutani na kutoboa mbao na karatasi za kuzuia baridi ili wajifiche humo. Yote hayo ni kweli. Mwenye kuku 300 ambaye amepoteza vifaranga hawezi kuombwa amwonee huruma mdudu, nami siombi hivyo. Banda linapaswa kusafishwa, matandazo yenye maji yaondolewe mapema, samadi mbichi isirundikwe ukutani mwa banda lile lile, na nyufa zizibwe.

Hata hivyo, tazama kila ushauri nilioutaja, utaona kwamba umetokana na kumjua mdudu. Tunaondoa unyevu kwa sababu mtu fulani alichunguza mahali buu anapostawi. Tunaziba nyufa kwa sababu mtu alifuatilia pupa anajificha wapi. Aliyerukia dawa bila maarifa hayo hakufika mbali: Australia na Marekani, ambako mabanda yamepuliziwa dawa za wadudu kwa miaka mingi, Alphitobius diaperinus amejenga usugu dhidi ya baadhi ya dawa hizo. Jike mmoja hutaga mayai mamia katika maisha yanayoweza kuzidi mwaka, na katika kizazi chenye watoto wengi namna hiyo wachache wanaostahimili sumu hawakosekani. Kwa hiyo anayetaka kummaliza mdudu huyu anahitaji kumjua kuliko hata anayetaka kumtumia. Tena adui huyo huyo, akifugwa mahali safi kwa chakula safi, amekubaliwa na Umoja wa Ulaya: mwaka 2021 ulimruhusu katika chakula cha kuku na nguruwe, na Januari 2023 ukaruhusu mabuu wake kuwa chakula cha binadamu. Sisemi tule mabuu wa banda. Na mabuu waliolishwa plastiki hata kuku wasipewe, kwa sababu usalama wao haujathibitishwa. Nasema tu kwamba spishi moja inaweza kuwa ugonjwa, chakula au chombo cha sayansi kulingana na mahali ilipo na ilichokula, na neno "mdudu mharibifu" likisemwa kwanza hufunga mlango wa hayo mengine yote.

Hapa kumbukumbu ina kazi yake. Watu wa rika langu katika nchi hii ya Wakipsigis wanakumbuka kuku wachache waliolala jikoni au chini ya ghala na kujitafutia chakula mchana kutwa. Hakukuwa na matandazo ya kukaa miezi, wala taa ya kuwapa joto vifaranga wa kununua. Mursik, maziwa yetu ya kuganda, ilihifadhiwa kwenye kibuyu, sotet, na kibuyu kikivunjika kilirudi udongoni bila kumsumbua mtu. Kisha vikaja vitu viwili kwa wakati mmoja. Kimoja ni banda la kuku wa kienyeji walioboreshwa, lenye maranda mazito, chakula kinachomwagika, joto na unyevu mwaka mzima. Cha pili ni plastiki, tukianza na mitungi, kisha vifuko, kisha kila kitu. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali, na mifuko hiyo ikapungua kweli, ila plastiki ya aina nyingine ilibaki. Banda na plastiki tumevileta wenyewe ndani ya umri wa mtu mmoja. Mbawakawa alikuwepo kabla ya vyote viwili, akiishi kwa masazo, na sisi ndio tuliomjengea makao mapya. Kumwita mvamizi wakati tulimtandikia maranda ni kuisahau historia yetu wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba katika kaunti yenye shida ya bei ya majani chai, barabara za matope na vijana wasio na kazi, kumchunguza mbawakawa ni anasa. Nalijibu hili kwa chai yenyewe. Kibiashara, chai ilianza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920. Mwaka 1951 ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa chai ya Afrika Mashariki hapo hapo Kericho, ambayo leo iko chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Kutokana na kazi hiyo ya miongo mingi, mkulima mdogo wa Sigowet anazitambua aina za michai kwa namba zake. Atakwambia kipande hiki ni 6/8 kwa namna ile ile anavyokutajia watoto wake. Chai ya zambarau, TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya utafiti wa takriban miaka 25. Hakuna aliyeuita utafiti huo anasa, kwa sababu ulihusu mmea wenye bei. Lakini bei haitangulii maarifa kila mara. Mbawakawa wa unga, Tribolium castaneum, anayeharibu unga wetu wa mahindi, alisomwa vinasaba vyake vyote mwaka 2008, wa kwanza kabisa miongoni mwa mbawakawa, na leo maabara duniani kote humtumia kuelewa jinsi mwili unavyojengeka. Lagria villosa, mbawakawa mwenye manyoya madogo anayekaa kwenye majani ya maharagwe na ambaye ni Mwafrika halisi, alifika Brazil katika miaka ya 1970. Ilipofika mwaka 2017, watafiti wakiongozwa kutoka Ujerumani walieleza kwamba jike wake hubeba bakteria wanaotengeneza dawa ya kuyalinda mayai dhidi ya ukungu. Ndugu wawili wa mbawakawa wetu, mmoja wa jikoni na mmoja wa shambani, wametoa elimu ya thamani, na elimu hiyo ilivunwa na waliojisumbua kutazama. Kiasi kinachotakiwa kuwatazama wa kwetu hakifiki gharama ya kilomita moja ya lami.

Isitoshe, Sigowet ina kitu ambacho maabara ya Nairobi haina. Kutoka kwenye matuta ya chai yenye baridi na ukungu wa asubuhi, nchi inashuka upesi hadi Soin na kuelekea Sondu, ambako joto ni la mahindi, miwa na mbu. Katika eneobunge moja mtu anapata hali mbili za hewa kwa safari ya matatu. Kwa mdudu anayetegemea joto, hilo ni jambo kubwa. Utafiti wa nje umeonyesha kwamba Alphitobius diaperinus akiwa kwenye nyuzi joto 30 za selsiasi humaliza safari ya yai hadi mbawakawa kwa chini ya miezi miwili, na kwenye nyuzi 20 huchukua miezi kadhaa. Maana yake ni kwamba kwenye matuta yetu, joto analolitegemea ni la banda, linalotoka kwenye samadi inayooza na kwenye miili ya kuku, wakati kule chini anaweza kutoka nje na bado akazaliana. Kama ni hivyo, dawa ya mfugaji wa chai na dawa ya mfugaji wa Soin si moja. Yule wa juu anaweza kumvunja nguvu mdudu kwa kuliacha banda wazi na tupu wiki chache za baridi kati ya kundi moja la kuku na jingine, na yule wa chini hatafaidika sana kwa njia hiyo. Jambo hili linaweza kupimwa kwa kipimajoto, daftari na mabanda kumi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga angeweza kulifanya na kuandika tasnifu ambayo ingesomwa na wafugaji wa Rift Valley yote.

Pingamizi la mwisho ni kwamba wataalamu wapo, tuwaachie. Wataalamu wapo kweli, na kazi ya Ndotono na Khamis ni ushahidi kwamba maarifa mapya kuhusu wadudu wa Afrika yanaweza kutoka kwa watafiti wa Afrika, hapa hapa nyumbani. Lakini familia ya spishi 20,000 haiwezi kukusanywa na watu wachache wenye gari moja la utafiti. Vielelezo vilivyomo kwenye makumbusho hutoka pale mkusanyaji alipopata nafasi ya kusimama, kwa kawaida kando ya barabara kuu, msituni au kwenye mbuga. Banda la kuku la mkulima wa chai si mahali ambapo mkusanyaji wa wadudu husimama. Anayeingia humo kila siku ni mwenye banda, na mara nyingi ni mama wa nyumba au watoto wake. Yeye ndiye ajuaye lini mabuu waliongezeka, matandazo yalitoka wapi, ni maranda ya mbao au maganda ya mpunga ya Ahero, na vifaranga waliletwa kutoka wapi. Maelezo hayo hayamo kwenye vinasaba. Mtafiti akiyakosa, atajua mdudu ni nani bila kujua alifikaje.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wafugaji wa Sigowet, Soin na popote penye banda la kuku Kenya. Siku ya kubadilisha matandazo, kabla hujapiga dawa, okota mbawakawa kumi na mabuu kumi kutoka chini ya chombo cha maji. Watie kwenye chupa ndogo yenye spiriti. Kata kipande cha karatasi, uandike kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti: tarehe, kijiji, aina ya matandazo, idadi ya kuku. Tumbukiza karatasi hiyo ndani ya chupa pamoja na wadudu, kisha mpe afisa wa mifugo wa wadi yako au mwalimu wa sayansi wa shule iliyo karibu, umwombe aifikishe icipe, Kasarani, au kwenye idara ya wadudu ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Na maafisa wa kaunti, nawaomba mzipokee chupa hizo na msiziache zikauke kwenye kabati za ofisi.